Kuotesha Waridi la Jangwani Pwani Bila Kuliozesha

Masika yakianza tu, maswali huwa yaleyale. Mbona shina limelainika? Mbona majani yameanguka yote? Nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Hilo la tatu ndilo huzaa mawili ya kwanza. Waridi la jangwani halifuati kalenda ya maji. Shina lake nene la chini, ambalo humu nitaliita kiazi, ni ghala la maji, na ukijifunza kulibonyeza kwa kidole na kupima unyevu wa udongo utajua la kufanya bila kumuuliza mtu.

Nakuandikia wewe unayeanza: una mbegu mkononi, umenunua mche kando ya barabara hapa Malindi, au jirani yako Lamu amekukatia tawi nawe hujui uliweke wapi. Mmea wenyewe ni Adenium obesum, na wauza miche wengi huuita adeniamu tu. Ni wa Afrika hii hii, tangu ukanda wa Saheli hadi Afrika Mashariki, kisha ukavuka bahari hadi Uarabuni. Ukitoka Malindi ukashika njia ya Tsavo, kiangazi, unaweza kuuona nyikani hauna jani hata moja na bado umebeba maua ya rangi ya waridi. Kwa hiyo jua na ukame wa kwetu haviutishi. Kinachouua ukiwa nyumbani ni maji yaliyotuama kwenye mizizi.

Kabla ya yote, sumu. Utomvu mweupe unaotoka ukikata tawi una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na sehemu nyingi za Afrika wawindaji waliutumia kupaka mishale. Usiupande mahali mtoto anayetambaa anafika, wala mbuzi wa jirani anapopita. Ukiukata, vaa glovu, usijishike macho wala mdomo, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na uoshe kisu. Mtu au mnyama akiutafuna, ni hospitali au daktari wa mifugo moja kwa moja, si kungoja uone itakuwaje.

Vitu vya kuandaa

- Mbegu mbichi za msimu huu, au tawi zima lisilo na madoa, au mche wa kununua.
- Chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, chenye tundu chini. Kopo la plastiki pia linafaa, mradi ulitoboe matundu kadhaa kwa msumari uliotiwa moto.
- Mchanga mkavu wa chembe kubwa, ule wa mtoni.
- Vipande vya tofali au vigae vilivyopondwa, ukubwa wa punje ya mahindi.
- Chenga za makaa.
- Usumba wa makumbi ya nazi uliochambuliwa, na samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu.
- Kisu kikali au wembe, spiriti ya kukisafishia, na glovu.
- Chelewa moja kutoka kwenye ufagio. Kazi yake utaiona mbele.

Neno kuhusu mchanga, maana ndipo wengi wa Pwani wanapoharibu mapema. Mchanga wa ufuoni una chumvi na chembe zake ni ndogo; ukilowa hushikamana na kuifungia mizizi hewa. Kama huna mwingine, uoshe kwa maji baridi mara nyingi hadi ukionja maji ya mwisho hayana chumvi, kisha uuchekeche ubaki na zile chembe kubwa. Walioko Lamu, tafadhali msiende kuchota kwenye matuta ya Shela. Yale matuta ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua yanayoingia visima vya mji. Agiza mchanga wa ujenzi, ndoo moja inatosha vyungu kadhaa.

Kifusi cha matumbawe nacho kiache, hata kama kimejaa nyuma ya nyumba. Kina chokaa nyingi, na chokaa huzuia mmea kupata madini ya chuma. Majani yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua msimu. Anza kuotesha kusi inapolegea, mwezi wa tisa hivi, na uendelee hadi Februari. Joto lipo, jua lipo, na mche unapata miezi ya kukomaa kabla ya mvua kubwa. Usianze Aprili, wala Mei ambayo ndiyo hunyesha kupita miezi yote hapa kwetu. Mche mdogo unaokesha kwenye udongo uliolowa wiki nzima hauna pa kukimbilia.

2. Changanya udongo. Tumia kopo lolote kupimia: mchanga makopo matatu, vipande vya tofali makopo mawili, usumba kopo moja, samadi kopo moja, na chenga za makaa nusu kopo. Changanya vikiwa vikavu. Kisha vijaribu: jaza chungu, mwagia maji kopo moja, uangalie chini. Maji yaanze kutoka upesi, na juu yasibaki yametuama. Yakisimama kama dimbwi, ongeza vipande vya tofali na ujaribu tena. Usipande mpaka jaribio hili lipite. Udongo mweusi mzuri wa kupandia mchicha ndio mbaya kwa mmea huu, na ndio huo watu huujaza chunguni wakidhani wanautendea hisani.

Usiweke tabaka la kokoto chini ya chungu kwa nia ya kupitisha maji. Halisaidii, linapunguza tu nafasi ya mizizi. Kigae kimoja kilichopinda juu ya tundu kinatosha kuzuia mchanga usimwagike.

3. Otesha mbegu. Mbegu ni kijiti chembamba cha kahawia chenye manyoya ncha zote mbili. Ng'oa manyoya, loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu saa chache, kisha zilaze chali juu ya udongo ulionyevu. Usizisimamishe. Zifunike kwa mchanga mwembamba, nusu sentimita haizidi. Kopo liweke mahali penye mwanga na joto lakini pasipopigwa na jua la saa sita.

Huu ndio wakati pekee ambao udongo hautakiwi kukauka. Nyunyiza kidogo kila siku. Mbegu mbichi huchomoza ndani ya wiki moja, nyingine siku tatu au nne tu. Mbegu iliyokaa sana kwenye bahasha huchelewa au haioti kabisa, kwa hiyo muulize anayekuuzia alivuna lini.

Miche ikishatoka, punguza maji na uisogeze taratibu kwenye jua la asubuhi. Mche ukilala ghafla ukiwa umenyongeka shingoni, huo ni ukungu wa unyevu. Uondoe, acha juu pakauke, na wengine utawaokoa.

4. Au anza na tawi. Kata tawi la urefu wa shubiri moja kwa kisu kilichopanguswa spiriti. Futa utomvu kwa karatasi na uitupe. Kisha, na hapa ndipo subira inapohitajika, lilaze kivulini penye hewa wiki nzima mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu. Ukilichomeka likiwa bichi litaoza chini kabla halijatoa mzizi. Lilipokauka, lichomeke kwenye mchanganyiko mkavu, libane kwa kijiti lisitikisike, na ungoje siku chache kabla ya kulipa maji. Mizizi huchukua wiki kadhaa. Usilivute kila siku kutazama kama limeshika.

Ujue tu kwamba mmea wa tawi hutoa maua mapema kuliko wa mbegu, lakini mara nyingi haufanyi kile kiazi kinene cha kupendeza. Anayetaka kiazi apande mbegu.

5. Hamisha kwenye chungu chake. Mche ukiwa na majani halisi (si yale mawili ya kwanza ya mbegu) manne hadi sita, uhamishe. Chungu kisizidi upana wa mizizi kwa zaidi ya vidole viwili au vitatu kila upande. Chungu kikubwa kina udongo mwingi usiofikiwa na mizizi, na udongo huo hukaa na maji. Chungu kipana na kifupi ni bora kuliko kirefu na chembamba. Baada ya kuhamisha, usimwagilie siku hiyo. Ngoja siku tatu au nne ili mizizi iliyokatika ipone.

6. Tafuta jua. Saa sita za jua la moja kwa moja kila siku, na zikizidi ni heri. Malindi hilo si tatizo, tatizo ni mti ulionunuliwa kitaluni kwenye kivuli kisha ukawekwa juani siku hiyohiyo: majani na hata shina huungua na kubaki na madoa meupe. Mzoeze kwa muda wa wiki mbili, ukianza na jua la asubuhi pekee.

Lamu ni habari nyingine. Uani kwa nyumba za mawe ni pazuri pa kukaa binadamu, lakini jua linachungulia saa moja mbili na kuondoka, na vichochoro ni kivuli mchana kutwa. Mmea ukikaa huko utarefuka, utaegemea upande wenye mwanga, na hautachanua. Upeleke juu ya paa. Huko hakikisha chungu ni kizito au umekiegemeza ukutani, kwa sababu kusi ikivuma hukiangusha, na usikiweke chini ya ncha ya makuti yanapodondosha mvua. Ukiuweka barazani kwenye njia ya punda, uinue juu ya kimo cha mdomo wake. Walio karibu na bahari waoshe majani kwa maji baridi mara moja moja, kuondoa chumvi inayoletwa na upepo.

7. Bonyeza, ndipo umwagilie. Hapa soma polepole.

Chukua ile chelewa, ichomeke kwenye udongo hadi karibu na chini ya chungu, iache dakika chache, kisha ichomoe. Ikitoka na chembe za mchanga zimeigandia na ukiigusa ni baridi, ndani bado kuna maji. Ikitoka safi na kavu, maji yamekwisha. Halafu bonyeza kiazi kwa kidole gumba, katikati na pia karibu na udongo.

Kiazi kigumu: usimwagilie, hata kama juu ya chungu pamekauka na kupasuka.

Kiazi kimelegea kidogo, na chelewa ni kavu: mmea una kiu. Mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Siku mbili tatu kiazi kinakaza tena.

Kiazi kimelegea, na chelewa imelowa: usiongeze hata tone. Huo ni mwanzo wa kuoza, nenda sehemu ya matatizo hapo chini sasa hivi.

Kosa kubwa ni kuchanganya hali ya pili na ya tatu. Mtu anaona kiazi kimenywea, anadhani ni kiu, anamwaga ndoo. Kesho kimenywea zaidi, anaongeza. Mti uliooza mizizi hauwezi kunywa, na ndiyo sababu unaonekana una kiu ilhali umesimama majini. Bila kuangalia udongo, kiazi peke yake kinaweza kukudanganya.

Kwa kukadiria tu: kaskazi inapovuma na jua ni kali, mmea uliokomaa juani unaweza kunywa mara mbili kwa wiki. Miezi ya Juni hadi Agosti, kukiwa na baridi kidogo na mawingu, ukipata mara moja kwa siku kumi unaweza kuwa umetosheka. Masika usimwagilie kabisa. Sogeza chungu chini ya paa lisilozuia mwanga, au kiinamishe ubavu ili mvua isijae. Ila makadirio haya yasikufanye uache kubonyeza.

Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Mmea huu unavumilia kiasi, lakini chumvi hujikusanya chunguni, na utaiona kama ukoko mweupe juu ya udongo na ukingoni mwa chungu. Watu wa visiwa vya Lamu wamevuna mvua kwa majabia, yaani matangi ya kujengwa ya kuhifadhi maji, tangu zamani. Wewe weka pipa moja chini ya mfereji wa paa. Kila mwezi au miwili, pitisha maji ya mvua mengi kwenye chungu ili yaondoke na chumvi, kisha acha kikauke kabisa.

8. Lisha kidogo. Samadi uliyochanganya inatosha miezi ya mwanzo. Baadaye, wakati mmea unatoa majani mapya, unaweza kutumia mbolea ya NPK 17:17:17 ya agroveti: robo kijiko cha chai kwenye lita mbili za maji, mara moja kwa mwezi, juu ya udongo uliokwisha lowa. Usitumie yurea. Utapata majani mengi ya kijani, matawi marefu malaini, na ua hata moja huna. Mmea usiokua, au uliopukutisha majani, usiulishe.

9. Pogoa. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo matawi mengi ni maua mengi. Kata kila tawi refu kwa theluthi moja, siku kavu, juu kidogo ya kifundo kinachoelekea nje. Fanya hivyo mwishoni mwa kusi, mwezi wa tisa, mmea ukikaribia kuamka. Futa utomvu, na kidonda kisiguswe na maji siku kadhaa. Matawi uliyokata ni miche yako mipya, rudi hatua ya 4.

Kama mti wako ni wa kuunganishwa, yaani tawi la mmea mmoja limepachikwa juu ya shina la mwingine, ile yenye maua ya tabaka nyingi au rangi zisizo za kawaida, chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likate mapema. Ukiliacha litakua kwa nguvu kuliko sehemu ya juu, nawe utabaki na ua la kawaida ulilolilipia bei ya ajabu.

10. Inua kiazi. Kila baada ya miaka miwili hivi, badilisha udongo, na unapopanda upya inua kiazi sentimita mbili au tatu juu ya pale kilipokuwa. Mizizi minene ya juu inabaki wazi na kuendelea kunenepa. Usikivue kwa mkupuo. Mizizi iliyozoea giza ikipigwa na jua kali ghafla huungua.

Kuna wanaotaka njia ya mkato: wanaagiza kiazi kikubwa kilichong'olewa nyikani. Mimi sipendi kabisa. Mizizi hukatwa ovyo wakati wa kung'oa, mingi huoza ikifika chunguni, na nyika inabaki na shimo mahali palipokuwa na mti mzee.

Matatizo na dawa zake

*Kiazi laini, udongo umelowa, pengine na harufu.* Ng'oa mmea leo. Osha mizizi, kata kila kilichogeuka kahawia au kulainika, ukiendelea kukata hadi nyama nyeupe isiyo na doa hata dogo. Pangusa kisu kwa spiriti baada ya kila mkato, la sivyo unaupeleka uozo mbele mwenyewe. Paka unga wa makaa au poda ya salfa kwenye vidonda. Kisha laza mmea kivulini wiki moja hadi mbili, hata ukinywea usiuonee huruma, mpaka vidonda viwe vikavu kabisa. Panda kwenye mchanganyiko mpya mkavu na usubiri wiki moja kabla ya maji. Uozo ukishapita katikati ya kiazi hadi juu, okoa matawi mazima na uutupe uliobaki.

*Majani yanageuka manjano na kuanguka.* Kama ni machache ya chini, ni uzee wa jani. Yakianguka yote na kiazi ni kigumu, mmea umelala tu kwa sababu ya baridi au ukame. Punguza maji uungoje. Kiazi laini, soma hapo juu.

*Kingo za majani zimeungua.* Mara nyingi ni chumvi. Safisha chungu kwa maji ya mvua.

*Vitu vyeupe kama pamba kwenye vifundo.* Ni wadudu waitwao vidung'ata. Vichache viguse kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti. Wakiwa wengi, twanga majani ya mwarobaini viganja viwili, loweka kwenye lita mbili za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kijiko kimoja, na unyunyize jioni. Rudia baada ya siku tano. Angalia pia mizizi, hujificha huko.

*Majani yana vidoa vingi na utando mwembamba chini.* Utitiri, na hupenda kaskazi kavu. Piga maji ya nguvu chini ya majani asubuhi kwa siku kadhaa, kisha ile dawa ya mwarobaini.

*Majani yameliwa usiku mmoja.* Tazama chini ya chungu kwanza. Ukiona vinyesi vyeusi, inua macho taratibu juu yake. Kuna kiwavi mnene kama kidole, rangi ileile ya jani, na ukimgusa hujikunja na kutokeza madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho yanayokukodolea. Hachomi wala haumi. Ni mtoto wa nondo mkubwa wa kijani, na utomvu unaotisha wengine yeye ndio chakula chake. Mtoe kwa mkono, na ukague kama kuna ndugu zake. Mmea utachipua tena.

*Una majani mengi lakini hauchanui.* Jibu karibu kila mara ni jua haba, kisha mbolea nyingi inayokuza majani. Kama umetoka mbegu, umri nao: wengi huanza kati ya mwaka mmoja na miwili.

*Umetoa vitu kama pembe mbili.* Hongera, hayo ni maganda ya mbegu. Usiyakate yakiwa ya kijani. Yafunge kwa uzi mahali pawili, au yavishe kipande cha chandarua cha zamani, maana yakikomaa hupasuka ubavuni na upepo wa mchana mmoja huzipeleka mbegu zote kwa jirani. Yakishapasuka ndani ya uzi, zitoe na uzioteshe mwezi huohuo. Zilizotoka kwa mama wa kuunganishwa huenda zisifanane naye kwa rangi, kwa hiyo usimuuzie mtu mche huo kwa picha ya mama yake.